Kurekodi Frankenstein kwa Kiswahili: mvumo wa chumbani na sauti ya yule kiumbe

Msomaji wa Igoma
Wakuu, habari za jioni. Nina tafsiri yangu mwenyewe ya Frankenstein ya Mary Shelley, toleo la 1818, nataka niitoe kama kitabu cha kusikiliza. Vifaa: maiki ya kondensa ya USB, kompyuta yenye Audacity (programu ya kurekodi), chumba cha mita 3 kwa 3 hapa Igoma, Mwanza, bati bila dari, sakafu ya saruji. Shida ni mbili. Kuna mvumo chini ya sauti hata pakiwa kimya, na maneno yanarudi kama yanasemewa kisimani. Halafu kiumbe, yule aliyetengenezwa na Victor Frankenstein. Nikimngurumisha kama zimwi, dakika 10 koo limekwisha, na ana sura sita mfululizo za kujieleza. Nawasilisha.

Fundi Spika
Mkuu, mvumo anza kuutafuta kwenye chaja. Ichomoe, rekodi sekunde 20 kwa betri, linganisha. Nyumba nyingi ethi yake haijafungwa sawasawa, na umeme wa hezi 50 unapenya kwenye waya wa USB. Ukibaki hata kwa betri, basi ni feni ya kompyuta au friji ya chumba cha pili: geuza mgongo wa maiki uelekee huko, kwa sababu maiki za kadioidi husikia mbele na hupokea kidogo sana kutoka nyuma.

Kisima ni saruji na bati. Trei za mayai achana nazo, ni nyepesi mno, hazinyonyi kitu cha maana. Godoro ndilo dawa, ila wengi huliegemeza nyuma ya maiki, kosa. Maiki inatazama ukuta ulio nyuma ya mgongo wako, kwa hiyo godoro lisimame hapo. Pembeni tundika blanketi nzito zilizokunjwa mara mbili, ziachane na ukuta kama sentimita 10. Juu ya kichwa funga nyingine kama chandarua. Zulia chini. Feni ya chumba izimwe, utatoka jasho, ndiyo maana vipande visizidi dakika 20.

Muda mzuri ni saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri. Walioko karibu na maji, Kirumba au Igombe, wahesabu pia siku za giza (zisizo na mwezi), maana ndipo mitumbwi ya dagaa inapotoka jioni na kurudi alfajiri na injini zake. Mvua ikianza kupiga bati, zima, lala. Hakuna blanketi inayozuia hiyo, na hakuna programu itakayoiondoa bila kuondoka na sauti yako.

Maiki sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za "p" na "b" zisiipige usoni. Vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Penye ukelele rudi nyuma hadi sentimita 40 na geuza uso. Sauti ikishapasuka haishoneki. Ukikosea neno, tumia Shift+D ya Audacity: inakurudisha sekunde chache, unasikia ulipofika, unaendelea palepale.

Bibi Riwaya
Mwanangu, acha kunguruma. Huyo anayenguruma ni wa sinema. Wa kitabuni alijifunza lugha kwa kuchungulia na kusikiliza familia ya De Lacey kupitia ufa wa ukuta, akasoma Milton na Plutarch, na anaongea kwa ufasaha kuliko karibu kila mtu humo. Msomee taratibu, Kiswahili kilichonyooka, silabi zote zisikike. Hofu ya kitabu hiki iko hapo, kwamba anayetisha ndiye anayejua kuzungumza.

Kumbuka pia masimulizi yamefunikana kama masufuria. Walton, mwenye meli inayoelekea kaskazini, anamwandikia dada yake barua. Ndani ya barua Victor anasimulia, yuko hoi melini. Ndani ya masimulizi ya Victor, kiumbe anasimulia kule kwenye barafu ya milimani. Sauti zote tatu zimepita kwenye kalamu ya Walton, hivyo usizitenganishe kwa kupandisha na kushusha koo. Tenganisha kwa mwendo na umbali: Walton wa kawaida, sentimita 20, Victor karibu zaidi, amechoka, mwisho wa sentensi unaanguka, kiumbe polepole kuliko wote. Kila unapovuka kutoka msimulizi mmoja kwenda mwingine acha sekunde 2 za kimya.

Na tafsiri yako nayo ikusaidie. Kiswahili kina kitu Kiingereza hakina: ngeli. Victor akiwa na hasira aseme "jitu lile limenifuata", akianza kumsikiliza iteleze kuwa "amenifuata". Msikilizaji atasikia dharau ikiingia na kutoka bila wewe kubadili sauti hata kidogo. Kama umeandika "kiumbe a-" kitabu kizima, rudi upitie kabla hujawasha maiki. Na asipewe jina. Frankenstein ni mtengenezaji.

Andaa orodha ya majina na matamshi yake: Clerval, Ingolstadt, Chamonix ("Shamoni"). Jina likitamkwa namna mbili katika sura mbili, wasikilizaji wataliona hilo tu.

Msomaji wa Igoma
Shikamoo Bibi, asante. Hilo la ngeli sikuliwaza kabisa, narudi kwenye maandishi. Fundi, mvumo ulikuwa chaja kweli. Swali la mwisho: naweza kuweka mawimbi ya Capri Point chini ya barua za Walton? Na viwango vya faili la mwisho?

Fundi Spika
Mawimbi hapana. Mwishoni meli ya Walton imekwama kwenye barafu, na maji ya ziwa yanayopiga mawe yana sauti ya mahali pa joto. Hata mvua ya ule usiku wa Novemba kiumbe anapofumbua jicho, iache kwenye maneno.

Viwango vya ACX (jukwaa la Audible la kuuzia vitabu vya kusikiliza) vinatosha kama kipimo hata ukiuza kwingine, vyote kwa desibeli: wastani wa nguvu ya sauti (RMS) kati ya -23 na -18, kilele kisizidi -3, kelele ya chumba chini ya -60, MP3 ya kilobiti 192, kilohezi 44.1, faili moja kwa kila sura. Mpangilio: kata chini ya hezi 80, kisha punguza kelele kwa desibeli 6 mara moja tu (ukirudia, sauti inakuwa kama ya mtu aliyezama), RMS hadi -20, limita (kizuia vilele) -3.5 mwisho. Kimya cha kati ya sentensi usikifute kabisa. Rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba chako, bandika huo.

Bibi Riwaya
Marahaba. Soma maneno 1,000 kwa saa ya mkononi kabla ya kumwahidi mtu tarehe. Ukienda maneno 110 kwa dakika, maneno 60,000 ni kama saa 9 zilizokamilika, na kila saa 1 itakula 5 au 6 za kazi. Sura za kiumbe zirekodi siku zinazofuatana, koo likiwa lilelile.