Naomba ushauri: Carrara au Makrana kwa kaunta ya jiko?

Habari zenu wakuu. Namalizia nyumba, imebaki kaunta ya jiko. Nataka marumaru yenyewe, jiwe, si hivi vigae ambavyo huku tumezoea kuviita marumaru.

Muuzaji ana mawe mawili meupe: Carrara ya Italia, yenye mishipa ya kijivu, na Makrana ya Rajasthan, India, lile jiwe lililotumika Taj Mahal. Makrana kanipa bei nafuu, ila moyo uko kwa Carrara, ile mishipa inanimaliza.

Hofu yangu ni ndimu. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo asidi inaila, inaacha alama iliyofifia. Dawa ya kuziba vinyweleo husaidia mafuta na chai visipenye, lakini ndimu haiizuii. Na kwetu kachumbari ni kila siku! Fundi anasema niweke graniti. Mke wangu hataki, eti ina madoadoa kama kanga.

Mliowahi kuweka marumaru jikoni, imekaaje baada ya miaka? Isiyong'arishwa sana inaficha alama kweli? Na nitajuaje kwamba hiyo Carrara ni Carrara kweli?