Jina la ukoo Esposito: ni ukoo mmoja mkubwa au kuna kitu nafichwa?

BintiPangani

Wanajamvi habari zenu, naomba mnijuze maana nimebaki njia panda. Mi ni mtu wa Tanga nimeolewa huku Italia, tunakaa mji mdogo karibu na Napoli, mwaka wa 9 huu. Jina la ukoo la mume wangu ni Esposito na mwanangu wa miaka 8 ndo anatumia hilo. Sasa juzi shule wamepewa kazi ya nyumbani wachore mti wa familia, babu, baba wa babu, mpaka pale mtu atakapofika, na chini waandike jina la ukoo maana yake nini. Wenzie wamemaliza fasta, kuna Ferrari baba yake kamwambia wao asili yao wahunzi, kuna Russo akaambiwa ni watu wa nywele nyekundu, imeisha hiyo. Wangu akaenda kwa babu yake, yaani bamkwe wangu, na huyo mzee kwa kuongea ni redio isiyozimwa, lakini alivyoulizwa tu "babu, Esposito maana yake nini" akachukua kisu akaanza kumenya chungwa. Kalimenya lote taratibu, ganda moja refu, akampa mtoto akasema ni jina la Napoli. Basi.

Mume wangu naye anasema ni jina la kawaida niache kuchimba. Hapo ndo nikazidi kushtuka. Maana hilo jina liko kila kona, jengo letu lina kengele 12 za mlangoni, Esposito wako 3 na hawana undugu, wawili kati yao hata salamu hamna. Kwetu mkiwa ukoo mmoja mkikutana hata Kariakoo mnaulizana wewe wa nyumba ya nani. Kwa hiyo maswali yangu, huu ni ukoo mmoja uliosambaa au? Maana yake nini? Na kuna jirani kaniambia majina adimu ndo ya watu wa heshima, haya yaliyojaa ni ya akina yahe, ni kweli? Nataka mtu anayejua jamani, siyo aliyegugo dakika mbili.

MzeeWaFeri

Mzee muongeaji akinyamaza akaanza kumenya chungwa hapo kuna jambo 😂 naweka kiti hapa, karanga mkononi

NapoliMwaka15

Dada yangu karibu. Mi nipo Napoli mwaka wa 15, nilikuwa namlea bibi mmoja mtaa wa Forcella, hatua chache tu na mahali penyewe lilipotokea hilo jina, kwa hiyo hili nalijua kidogo.

Kwanza matamshi. Sisi Waswahili ulimi wetu lazima ukandamize silabi ya pili toka mwisho, tunasema EspoSIto. Wenyewe wanasema EsPOsito. Nimechekwa sana kwenye foleni za ofisi kwa ajili hiyo.

Maana yake sasa. Ni Kilatini, expositus, aliyewekwa nje. Yaani mtoto aliyeachwa. Pale Forcella kuna kanisa na nyumba ya watoto inaitwa Annunziata, ipo tangu karne ya 14, na kwenye ukuta wake upande wa barabarani kuna tundu. Nyuma ya hilo tundu kuna kitu kama pipa la mbao limesimama wima, upande mmoja liko wazi, linazunguka kwenye mhimili. Mama anakuja usiku, anamlaza mtoto humo, anasukuma pipa linageukia ndani, anagonga kengele anaondoka. Ndani kuna mtu wa zamu anampokea bila kumwona aliyemleta. Wanaita ruota, yaani gurudumu. Mtoto anaogeshwa, anabatizwa, anaandikwa kwenye daftari, siku, saa, kavaa nini, kaja na kitu gani, na shingoni anavalishwa kamba yenye kidude cha madini ya risasi kilichopigwa mhuri ili asichanganywe na wengine. Halafu anatafutiwa mama wa kumnyonyesha. Kwenye nafasi ya jina la ukoo karani anaandika Esposito. Kesho akija mwingine, Esposito. Keshokutwa, Esposito. Miaka na miaka.

Sasa piga hesabu mwenyewe kwa nini kengele 3 kati ya 12. Hao majirani zako kudai ni ndugu ni sawa na watu wawili kudai undugu kwa kuwa wote walizaliwa wodi moja. Ni jina la mlango walioingilia.

Lile tundu lenyewe nimeliona, bibi alinipeleka. Dogo! Nilitanua viganja vyangu nikapima nikasema humu haingii mtoto wa miezi mingi. Bibi akacheka akaniambia wa zamani walikuwa wanasimulia eti wengine walileta watoto wakubwa wamepakwa mafuta ili wateleze wapite. Kama ni kweli ama ni stori za Napoli mi sijui, ila lile gurudumu lilifungwa mwaka 1875 na hadi leo unaweza kwenda kuliangalia.

ChumviNyingi

Kwa hiyo kwa lugha nyepesi ni jina la wanaharamu. Mtoto wangu nisingempa, ningeenda kubadilisha kesho asubuhi.

MamaWawili_Firenze

@ChumviNyingi wewe jina lako limekufaa. Nani kakwambia wote walikuwa wa nje ya ndoa? Wengi walikuwa na baba na mama wa ndoa kabisa, ila njaa, maradhi, mama kafa wakati wa kujifungua, mwaka wa mavuno mabaya, mtu ana watoto sita ndani na unga hamna. Wengine waliweka mtoto wakiwa na nia ya kumfuata baadaye. Hapa Firenze ninapokaa kuna ile nyumba ya watoto walioachwa ya Innocenti, jengo alilochora msanifu Brunelleschi, walianza kujenga 1419, mtoto wa kwanza akapokelewa tarehe 5 Februari 1445, siku ya Mtakatifu Agata, wakamwita Agata Smeralda. Siku hizi ni jumba la makumbusho. Ukiingia kuna ukuta wa droo ndogo ndogo, unavuta moja moja, ndani unakuta nusu ya medali. Nusu nyingine alibaki nayo mama. Nyingine ina kipande cha utepe, nyingine kitufe, shanga, vitu ambavyo kwako ungefagia ukatupa. Wazo lilikuwa siku akirudi analeta nusu yake inaunganishwa na ile ya mtoto. Zile nusu zilizobaki mle ndani maana yake ni kwamba hakuna aliyerudi na nusu ya pili. Mi nilifungua droo tano nikashindwa kuendelea, nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Nje nako juu ya nguzo wamewekwa vichanga vya udongo alivyotengeneza Andrea della Robbia, vimefungwa nguo, mikono vimeinyoosha.

Huku waliitwa Innocenti, yaani wasio na hatia, Degl'Innocenti, Nocentini. Kitu kile kile jina tofauti. Na nani alikwambia watu wanaona aibu leo, nenda Napoli kawaulize, yule anayesimuliwa kutengeneza pizza margherita mwaka 1889 si alikuwa Raffaele Esposito? Nchi nzima Esposito liko kwenye majina ya juu kabisa pamoja na Rossi, Russo na Ferrari.

Kubadilisha inawezekana kweli, unaandika maombi kwa prefetto, yaani mwakilishi wa serikali kuu mkoani, na sababu zako. Ila sababu utaandika nini, kwamba mtu kwenye mtandao kasema?

ChumviNyingi

Sawa mama nimekosa 🙏 nilikurupuka

TichaMalindi

Nachangia toka Malindi ambako Waitaliano tunaishi nao, watoto wa beach hapa wanakusalimia ciao kabla ya jambo. Mi nilijifunza hili kwa kujichoma. Kuna mteja alikuwa anaitwa Colombo, mtu wa Milano, nikamtania kumbe wewe ndugu ya Christopher Columbus, akaniambia hapana mimi ndugu ya njiwa. Nikadhani mzaha. Kumbe hospitali kubwa ya zamani ya Milano, Ospedale Maggiore, alama yake ni njiwa, na watoto waliookotwa pale walikuwa wanaandikwa Colombo mpaka mwaka 1825. Roma waliandikwa Proietti, yaani waliotupwa, na hilo ndo naona kali kuliko yote. Bologna kuna Degli Esposti. Upande wa Sorrento kuna D'Esposito. Kila mji na muhuri wake, ndo maana ukiangalia zile ramani za majina mtandaoni ukiandika Esposito inawaka Campania, mkoa wa Napoli, ukiandika Colombo inawaka Lombardia, mkoa wa Milano, huhitaji hata kuuliza mtu katoka wapi.

Lakini nimsahihishe kidogo @NapoliMwaka15, siyo kila mwenye jina lazima babu yake kapita kwenye tundu la Napoli. Kusini kote kulikuwa na magurudumu na watoto wa kuokotwa, na Colombo wengine ni njiwa tu, labda babu alikuwa anafuga ama ni jina la utani. Jina peke yake halitoshi, lazima karatasi.

Na hata yule Ferrari na Russo wa darasani msiwaonee wivu. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na wenye nywele nyekundu hawakuwa wa mama mmoja. Hao nao hawana ukoo zaidi yenu, tofauti ni kwamba hadithi yao inasimulika mezani.

Sasa hilo la jirani yako kwamba adimu ni heshima, hapo ndo kachemka kabisa na ndo sehemu naipenda mimi. Napoli ilipokuwa chini ya Joachim Murat, yule shemeji yake Napoleon aliyekuwa mfalme 1808 mpaka 1815, likatoka agizo watoto wasipewe tena Esposito maana linawaumbua maisha yao yote. Basi karani ikabidi abuni, kila mtoto jina lake. Mtu kakaa na kalamu usiku, mtoto analia, anaangalia dirishani anatafuta neno. Akiandika neno ambalo hakuna mwingine analo duniani, huyo mtoto ndo mwanzo wa ukoo mzima. Akizaa wavulana watatu jina linaishi, akizaa wasichana watupu linaishia hapo hapo, maana zamani jina lilifuata baba tu (Mahakama ya Katiba ya Italia imelegeza hilo mwaka 2022, sasa mtoto anaweza kupata ya wote wawili). Kwa hiyo Italia kuna majina ya familia nne tano nchi nzima, mwenyewe anajiona wa kasri, kumbe katoka kwenye gurudumu lile lile la Esposito, kachelewa miaka michache tu. Na upande wa pili Medici, jina la watawala wa zamani wa Firenze, wamejaa, wanapanda basi kama sisi.

Sisi wenyewe tusicheke. Akina Shida, Tabu, Majuto walipewa na nani kama siyo hali ya siku ile? Tofauti ni kwamba kwetu jina la tatu ni la babu, kizazi kikipita linabadilika, Shida anasahaulika. Kwa Waitaliano jina liligandishwa, hasa baada ya Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, kuisha 1563 na mapadri kutakiwa waandike ubatizo na ndoa kwenye vitabu. Neno la usiku mmoja likabaki miaka 300.

MzeeWaFeri

Ticha umetisha. Karanga zimeisha.

NapoliMwaka15

Nakubali sahihisho la Ticha. @BintiPangani nyumba za kumbukumbu za serikali huku wana tovuti inaitwa Antenati, bure kabisa, imepigwa picha vitabu vya vizazi, ndoa na vifo. Napoli na mikoa yake vinaanzia 1809. Anza na bamkwe, panda kwa baba yake, usiruke hata mmoja. Kwenye ndoa ndo kuna utamu maana mwoaji alitakiwa alete na nakala ya ubatizo.

Na kuhusu mzee kunyamaza, ana miaka mingapi? Kama amesoma shule kabla ya 1955 atakuwa amekaa darasani na watoto ambao kwenye karatasi zao sehemu ya baba imeandikwa N.N., yaani jina halijulikani, herufi mbili tu, na darasa zima linajua maana yake. Sheria ya 1955 ndo iliondoa hilo kwenye vyeti. Siku hizi sheria inakataza kabisa mtoto asiye na wazazi kupewa jina linaloonyesha asili yake. Lakini mzee kakulia upande wa pili wa hiyo sheria.

BintiPangani

Jamani narudi, samahani nimekawia wiki mbili nzima nilikuwa nakesha kwenye hiyo Antenati, macho yamekuwa ya bundi, mwandiko wa hawa makarani kama kuku kapita kwenye wino.

Mzee ana 81. Sikumwambia kitu, ila mtoto alinisikia naongea na mume wangu jikoni, Jumapili mezani akamwuliza wazi wazi, babu, sisi ni watoto wa Madonna? Yaani wa Bikira Maria, maana ndo walivyokuwa wanaitwa watoto wa gurudumu, kumbe. Uma ukasimama. Nikasema leo nimekwisha. Mzee akafuta mdomo akasema bibi yangu alikuwa anasema hivyo, lakini ukitamka mbele ya wageni anakufinya paja. Halafu akaanza kuongea na hakunyamaza mpaka saa 11 jioni.

Tumefika mpaka hati ya ndoa ya mwaka 1823. Bwana harusi ana miaka 25, kazi yake kubeba mizigo, na pale pa baba na mama karani kaandika genitori ignoti, wazazi hawajulikani. Sahihi yake ni msalaba, mmoja umepinda. Kwa hiyo alizaliwa kama 1798, kabla ya huyo Murat wa Ticha, ndo maana akawahi kupata Esposito. Mume wangu aliyesema niache kuchimba sasa ndo hatoki kwenye kompyuta.

Kazi ya shule imeshapelekwa. Juu kabisa ya mti, pale ambapo hatuna mtu, mwanangu kachora gurudumu. Mwalimu kauliza kwa nini juu ya mti kuna tairi 😂

@NapoliMwaka15 kuna mistari miwili pembeni ya ile hati siisomi kabisa, naona neno kama Annunziata lakini inaweza kuwa jina la mwanamke. Nikikutumia picha utaniangalizia?

NapoliMwaka15

Tuma PM. Ikuze kwanza kwenye kompyuta hiyo mistari miwili ionekane vizuri.