Sampuli za maziwa ya unga za kujaribia mashine nje ya nchi: ni vibali gani vinavyohitajika?

Mhandisi_Ufungashaji aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, kiwanda chetu kimeagiza mashine ya kujaza na kufunga pakiti za maziwa ya unga kutoka kwa mtengenezaji aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, nasi tuko nje ya Umoja huo. Mkataba unataka mashine ijaribiwe mbele ya wawakilishi wetu kabla ya kusafirishwa, na mtengenezaji ameomba tumpelekee kilo 300 za unga wetu wenyewe, kwa kuwa kasi ya kujaza na usahihi wa uzito hutegemea sana tabia ya unga unaopita ndani ya mashine.

Unga huo hautaliwa na mtu yeyote. Msafirishaji anatushauri tuandike kwenye ankara kwamba ni sampuli isiyo na thamani ya kibiashara na mambo yatapita, ilhali mwenzangu wa idara ya ubora anashikilia kwamba bila cheti cha afya ya wanyama mzigo utazuiwa mpakani. Ni yupi kati yao aliye sahihi? Na je, mhandisi wetu anayekwenda kushuhudia majaribio anaweza kubeba kilo chache kwenye begi lake iwapo mzigo utachelewa?

Daktari_wa_Mifugo alijibu:

Mwenzako wa idara ya ubora ndiye aliye sahihi. Kutoliwa kwa unga hakuuondoi katika sheria za mazao ya wanyama. Kunauhamisha tu kutoka fungu la chakula kwenda fungu jingine. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo havijali kama maziwa yanakwenda mezani au kwenye mashine, na ndiyo sababu mamlaka za mifugo hutazama kwanza nchi yalikotoka maziwa na joto yaliyopitia, kisha ndipo zinapouliza yatafanyiwa nini.

Kwa Umoja wa Ulaya, jambo lako limetajwa waziwazi. Kanuni namba 142/2011, inayotekeleza Kanuni namba 1069/2009 kuhusu mazao ya wanyama yasiyokusudiwa kuliwa na binadamu, ina fungu la sampuli za kibiashara, na katika maelezo ya fungu hilo kujaribu mashine au vifaa ni mojawapo ya makusudi yanayokubaliwa. Masharti yake makuu ni kwamba mamlaka ya nchi unakopokelewa mzigo iwe imetoa idhini kabla, nchi ya asili iwe katika orodha inayokubalika kwa aina hiyo ya zao, shehena ifuatane na cheti cha afya kilichotiwa saini na daktari wa mifugo wa serikali wa nchi inayosafirisha, na vifungashio viandikwe kwamba ni sampuli ya kibiashara isiyofaa kuliwa na binadamu. Mzigo hupelekwa moja kwa moja kwa mtumiaji aliyetajwa katika idhini, wala haupitii ghala la mtu mwingine kwanza.

Angalia mpangilio wa kazi, maana hapo ndipo wengi hupoteza muda. Anayeomba idhini ni mtengenezaji wa mashine, kwa mamlaka ya nchi yake, kwa sababu yeye ndiye mtumiaji. Daktari wa mifugo wa upande wenu hawezi kusaini cheti chenye masharti ambayo hajayaona, kwa hiyo ukianzia nyumbani utaambiwa urudi na idhini ya huko. Anza huko.

Andaeni pia maelezo ya usindikaji kutoka kiwandani. Miongozo ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kuhusu virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo hukubali joto la angalau nyuzi 132 za Selsiasi kwa angalau sekunde 1, au nyuzi 72 kwa sekunde 15 iwapo pH (kipimo cha uchachu) ya maziwa iko chini ya 7. Ikiwa pH ni 7 au zaidi, upashaji huo wa nyuzi 72 hufanywa mara mbili. Rekodi za joto za bechi ileile mnayoituma zina uzito kuliko barua ya jumla inayosema kwamba kiwanda hupasha maziwa joto.

Kuhusu begi la mhandisi, jibu ni hapana. Umoja wa Ulaya hauruhusu wasafiri kutoka nchi nyingi za nje kuingia na maziwa au nyama, isipokuwa vitu vichache kama maziwa ya unga ya watoto wachanga kwa kiasi kidogo, na unga wa kujaribia mashine haumo.

Wakala_wa_Forodha alijibu:

Nakubaliana na Daktari, nami naongeza ya upande wangu. Maneno "haina thamani ya kibiashara" hayana msaada: forodha hutaka thamani halisi ya bidhaa hata kama hailipiwi, na kilo 300 zenye thamani ya sifuri huvuta macho ya mkaguzi badala ya kuyaepuka. Andika bei ya haki, eleza kwamba ni sampuli ya majaribio ya mashine isiyouzwa, na utumie namba sahihi ya ushuru, ambayo kwa maziwa ya unga huangukia chini ya 0402. Usijaribu kutumia hati ya ATA, kwani hiyo ni ya vitu vinavyoingia kwa muda na kurudi kama vilivyo, si vya kutumika hadi kwisha.

Mkubaliane kwa maandishi ni nani atakayelipia uteketezaji. Baada ya majaribio unga hauachwi tu: huteketezwa au kutupwa kwa njia iliyoidhinishwa, au hurudishwa ulikotoka, na gharama hiyo husahaulika mpaka siku ya mwisho.

Fundi_Mitambo alijibu:

Kabla ya kuingia katika yote hayo, muulize mtengenezaji kama anahitaji unga wenu kweli. Majaribio mengi hutimizwa kwa maziwa ya unga yaliyonunuliwa kwake huko huko, mradi yalingane na yenu kwa kiasi cha mafuta, unyevu, ukubwa wa chembe na uzito kwa ujazo. Unga usio na mafuta hutiririka tofauti kabisa na unga wenye mafuta yote, kwa hiyo mpeni vipimo vya maabara na si jina la bidhaa tu. Wengine hutumia maltodekstrini, ambayo hutokana na wanga wa mimea na haigusi sheria za mifugo, ila mimi siiamini kwa kupima usahihi wa uzito. Hiyo inatosha tu kuonyesha kwamba mashine inazunguka na kufunga.

Mhandisi_Ufungashaji aliandika:

Nashukuruni sana. Tutamwandikia mtengenezaji aombe idhini, na wakati huohuo tumtumie vipimo vya unga ili aone kama anaweza kupata unaofanana. Limebaki jambo moja: tungependa pakiti chache zilizojazwa wakati wa majaribio zirudi kwetu ili maabara yetu ipime uimara wa mshono na kiasi cha oksijeni iliyobaki ndani. Je, hizo nazo zina masharti?

Daktari_wa_Mifugo alijibu:

Zina masharti, tena ya nchi yenu safari hii. Pakiti zikirudi zinahesabiwa kuwa maziwa yanayoingia kutoka nje, hata kama unga ulitoka kwenu, na mamlaka yenu ya mifugo inaweza kudai kibali cha kuingiza pamoja na uthibitisho kwamba hazikufunguliwa wala kuchanganywa na unga mwingine. Ombeni kibali hicho sasa, pamoja na cheti cha kutoka, na mtengenezaji ataje urejeshaji huo katika ombi lake la idhini. Ikiwa mnachohitaji ni mshono peke yake, pakiti tupu zilizofungwa na mashine ileile hazidai kibali chochote cha mifugo.