Baraza moja la sharia juu ya benki zote za Kiislamu: sawa au si sawa?

Mwana Forodhani: Assalaam alaykum wadau. Benki kuu ya Malaysia ina baraza la sharia tangu 1997, yaani masheikh wanaoamua kipi halali kwa benki zote za Kiislamu, na sheria ya 2009 imefanya hata mahakama zilazimike kufuata uamuzi wake. Saudia kila benki ina kamati yake, basi. Mimi nasema Malaysia wamepatia. Sheikh anayelipwa na benki atasema nini zaidi ya "halali"?

Ustadhi Kibokoni: Hapo mwisho umetukana watu. Nimekaa kamati ya sharia ya benki miaka sita, nimerudisha mikataba mitatu, na posho haikufika hata ada ya mtoto. Lifute hilo neno.

Mwana Forodhani: Sikukutaja, Ustadhi. Nasema mfumo.

Ustadhi Kibokoni: Sheikh anayelipwa na benki ni nani kama si mimi?

Abu Salma, Maskati: Turudi kwenye mada jamani. Huku Oman kanuni za 2012 zilikataza tawaruku, yaani kununua kitu kwa mkopo kisha kukiuza kwa mwingine ili upate taslimu. Huko Malaysia unakokusifia, baraza hilohilo liliruhusu bai al-ina: benki inakuuzia kitu kwa mkopo, papo hapo inakinunua tena kwako kwa taslimu, bei pungufu. Hata majaji wao 2019 waligawanyika 5 kwa 4 kama walazimike kufuata uamuzi wa baraza. Baraza moja likiteleza, nchi nzima imeteleza.

Bi Nuru: Tawaruku naijua kwa mkono wangu. Nilikwenda kutafuta pesa za kuezeka nyumba, nikawekewa karatasi nne. Moja nanunua shaba, nyingine naiwakilisha benki iiuze hiyo shaba kwa niaba yangu. Nikauliza iko wapi, kijana akasema, "Mama, weka saini tu, iko ghalani Ulaya." Adhuhuri haijaadhiniwa, pesa imeingia. Usingizi sikuupata.

Ustadhi Kibokoni: Bi Nuru, mtu akinunua na kuuza mwenyewe sokoni, wanachuoni wengi wameipitisha. Hiyo ya kupangiwa na benki, Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah, baraza la kimataifa la wanachuoni, iliikataza 2009.

Bi Nuru: Mbona karatasi yangu ina saini za masheikh watatu?

Mwana Forodhani: Ndiyo niliyosema tangu mwanzo.

Ustadhi Kibokoni: Hukusema hivyo. Ulisema tumenunuliwa. Bado nasubiri ulifute.

Abu Salma, Maskati: Bi Nuru, deni lenyewe umeshalimaliza?

Bi Nuru: Bado miezi 14, mwanangu.