Mjadala: Je, ni haki deni limnyime mtu kibali cha usalama Marekani?

Mtoa mada: Wakuu, Marekani mtu ananyimwa kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kufikia siri za serikali, kwa sababu ya madeni. Kibali kikienda, kazi ya mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi imekwenda, na mshahara ambao ungelipa deni lenyewe nao umekwenda. Deni la hospitali si uhaini. Kwa nini umaskini uitwe hatari?

Karani: Mkuu, umaskini haumo. Soma SEAD 4, waraka wa serikali wa vigezo vya kutoa vibali, inayotumika tangu 8 Juni 2017. Ina miongozo 13: E ni ya mwenendo, F ya fedha. F haitaji kiwango chochote cha dola. Inataka kujua deni lilitoka wapi, kisha ulifanya nini. Kuachishwa kazi, ugonjwa, talaka, msiba, vyote vinasikilizwa, mradi uonyeshe kwamba uliwajibika. Wengi sababu wanazo, risiti hawana. Na hofu yenyewe si ya kubuni: Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa amebanwa na madeni.

Mtoa mada: Ames huyohuyo alinunua nyumba ya dola 540,000 taslimu, wakaja kumkamata 1994. Cha kumfichua kilikuwa ukwasi, si deni!

Karani: Ndiyo maana F inahoji pia mali isiyolingana na mshahara.

Binti Mrima: Mnabishania Ames, watu wanaangukia kwenye fomu. SF-86, fomu ya kuombea kibali, sehemu ya 26, inataka deni lolote lililochelewa zaidi ya siku 120 ndani ya miaka 7, hata kama umeshalilipa. Inataka pia deni ulilomdhamini mwenzako. Hapa jamaa zetu wa diaspora wananaswa sana: umemwekea binamu sahihi ya mkopo wa gari, ameacha kulipa, gari limechukuliwa. Hilo ni lako, liandike.

Kabla ya kugusa fomu, vuta ripoti tatu za mikopo, za kampuni za Equifax, Experian na TransUnion, uzilinganishe mstari kwa mstari, maana deni moja huonekana huku na kule lisionekane. Ukificha kwa makusudi, umetoka F umeingia E, na kuidanganya serikali ya shirikisho ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5. Ukigundua umesahau kitu, sahihisha mwenyewe mapema. Ukingoja mpelelezi akuwekee karatasi mezani, utetezi wa kwamba ulijisahihisha mwenyewe umeshakuponyoka.

Mzee wa Faili: Dada kasema kweli. Mimi naongeza kodi. Kutowasilisha ritani ni kubaya kuliko kudaiwa. Huna hela? Wasilisha hivyohivyo, kisha omba IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mpango wa kulipa kwa awamu na utunze uthibitisho wa kila malipo. Na deni likitoweka kwenye ripoti baada ya miaka 7, usidhani limekwisha. Jaji atauliza ulilimalizaje.

Ukipata barua ya sababu (Statement of Reasons), inayoorodhesha tuhuma za kukunyima kibali, mkandarasi ana siku 20 za kujibu. Kila tuhuma, 1.a, 1.b na kuendelea, andika "nakubali" au "nakanusha", kisha ueleze. Ukitaka kusikilizwa na jaji wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza kesi za vibali, omba humohumo kwenye jibu. Usipoomba, utaamuliwa kwa karatasi: unapewa jalada la serikali na siku 30 za kuongeza vielelezo. Mimi ningeomba jaji. Peleka kila kitu hapo, kwa sababu bodi ya rufaa haipokei ushahidi mpya. Kulipa kila kitu wiki moja kabla ya kikao hakusaidii sana pia, kunaonekana umelipa kwa woga.

Mtoa mada: Sawa, lakini tangu kesi ya Egan ya 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani imesema hakuna mwenye haki ya kibali, na shaka yoyote inaangukia upande wa serikali. Wakili unajilipia mwenyewe. Mwenye deni atamlipa na nini?

Mzee wa Faili: Hapo pa wakili sikupingi, ni dosari kubwa. Kufuta F ndiko nisikokubali. Na siku 20 zikikubana, omba nyongeza kwa maandishi kabla hazijaisha, ukitaja sababu ya msingi.