MJADALA: Mchoraji apangiwe cha kuchora, au aachwe huru?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa sana hapa Dar, hata na watu wanaoipenda sanaa: mchoraji achore anachotaka mnunuzi, na mambo ya kuchora hisia zake tuwaachie Wazungu wenye pesa za kuchezea. Mimi naipinga, na ushahidi wangu wa kwanza ni wa hapa hapa mjini.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 hakupangiwa na mtu. Alichukua hadibodi na rangi za baiskeli, akachora chui na ndege jinsi alivyowaona yeye. Mwalimu wa chuo pengine angemwambia rangi ile haifai na kwamba mnyama hana umbo lile. Hakuwa na mwalimu huyo, na ndiyo maana picha zake zinakutazama hadi leo. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima!

Sasa pita Morogoro Stores, pale Oysterbay, kwenye ushirika wa waliomrithi. Mikono ni mahiri, sibishi. Lakini twiga chini ya Mlima Kilimanjaro utawaona mpaka uchoke. Wapo waliovuka hapo: Mohamed Charinda alichora ngano na maisha ya watu, na picha zake huwezi kuzichanganya na za mwingine. Simlaumu anayerudia twiga, kodi ya nyumba haisubiri. Kinachoniuma ni kwamba tumerithi madoa ya chui wa mzee Tingatinga, ule uthubutu wake tukauacha.

Wengine watasema soko ndilo linaloua. Hapo sikubali moja kwa moja. Vinyago vya mashetani vya Kimakonde viliibuka Dar miaka ya 1950 mikononi mwa mchongaji Samaki Likankoa, na aliyevinunua alikuwa mfanyabiashara, Mohamed Peera, aliyewahimiza wachongaji wafuate mawazo yao. Baadaye George Lilanga, aliyeanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, akawahamishia mashetani hao kwenye rangi, wakafika hadi kuta za Ulaya. Pesa ilikuwepo. Masharti ya nini kichorwe ndiyo hayakuwepo.

Halafu hii dhana kwamba uhuru ni kumwaga rangi ovyo. Jackson Pollock wa Marekani alipoanza kutandika turubai sakafuni na kuidondoshea rangi, mwaka 1947, alikuwa ameshasomea uchoraji kwa miaka. Alijua rangi iwe nzito kiasi gani na mkono uende kasi gani. Uhuru ulimpa nafasi ya kuacha mwendo wa mwili wake uonekane kwenye picha. Kazi ya kujifunza ilibaki pale pale.

Pendekezo langu: benki, wizara, hoteli, hata vituo vya mwendokasi, vinunue picha za wachoraji wetu bila kutaja mnyama wala mlima. Watazame kazi za mchoraji, wakizipenda, wamlipe na wamwachie ukuta.

Anayepinga anijibu hili: kama mwaka 1968 mteja angemwekea Tingatinga oda ya picha zilizokuwa zikiuzika wakati ule, leo pale Oysterbay wangekuwa wanauza nini?