Mjadala: Haki ya uraia iwe na tarehe ya mwisho?

Mleta mada (Kwale):
Wamakonde walikuja huku Kenya kutoka Msumbiji enzi za mkoloni, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazikana, wajukuu wakazaliwa hapa hapa, na bado hawakuwa na kitambulisho. Laini ya simu unaisajili kwa jina la jirani, pesa zako zinapitia kwake, na siku mkikosana huna pa kushtaki.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwafungulia mlango. Aliyeingia Kenya kabla ya 12 Desemba 1963, akaishi hapa mfululizo na kujua Kiswahili au lugha ya wenyeji, aliweza kuomba asajiliwe. Mlango ulipewa miaka 5, ukaongezewa 3, ukafungwa 2019. Na hata ulipokuwa wazi, Wamakonde ilibidi waandamane hadi Ikulu Nairobi Oktoba 2016 ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe. Washona, wenye asili ya Zimbabwe, wakangoja tangazo la Desemba 2020. Wapemba wa pwani, wavuvi wasioweza kupata leseni ya uvuvi, wakangoja mpaka 2023.

Haki iliyokwisha kuandikwa kwenye sheria inangoja kauli ya rais kwa nini? Napendekeza tarehe ya mwisho awekewe afisa, si mwombaji. Ndani ya siku 90 ajibu, na akikataa aandike sababu, mtu aende nayo mahakamani.

Mchangiaji (Nakuru):
Hapo sikubaliani nawe, ndugu. Vitambulisho vya kununua vipo, sote tunajua. Ukiacha mlango wazi daima, kila mtu atasema babu yake aliingia 1950. Wazee wa kushuhudia wanakufa. Utathibitisha vipi? Na usalama je?

Mleta mada:
Hoja ya wazee ni nzito, imenikosesha usingizi. Lakini wakifa, anayeumia ni mwenye haki, kwa hiyo ushahidi wao uchukuliwe sasa, kijiji kwa kijiji, hata kabla watoto hawajaomba. Kuhusu usalama, asiye na kitambulisho ndiye serikali isiyemjua kabisa. Na kumbuka shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa 2015, watu 148 waliuawa. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu, si mtu asiye na uraia.

Mchangiaji (Garissa):
Nyote mnazungumzia waliotoka nje. Mimi ni Mkenya, mama na baba Wakenya. Wakati wa ukame mama alituandikisha kambi ya Dadaab kama wakimbizi ili tupate mgao wa chakula. Nilipofika miaka 18 nikaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikasema mimi ni mkimbizi. Tuko wengi. Sikukataliwa kwa maandishi, niliambiwa tu nirudi baadaye, mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Hizo siku 90 zako, kaka, zinaanza kuhesabiwa lini kwa mtu ambaye fomu yake haikupokelewa?